Picha za Utupu: Nani Hasa Anayevuna?

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema anastahiki Allah (SW), aliyetuteremshia mavazi ya kusitiri miili yetu, kisha akatufahamisha kwamba vazi la ucha Mungu linayashinda yote. Sala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad (SAW), ambaye masahaba walimsifu kuwa na haya kuliko mwari aliye ndani.



Katika darsa letu huwa tunapokea maswali kwenye vikaratasi, bila majina. Muhula huu nimepata moja ambalo sikutaka kulijibu kwa dakika mbili. Muulizaji anasema: wapo mastaa waliopiga picha za utupu na bado wanang'ara, je, si kweli kwamba picha hizo huwasaidia kazi? Akaongeza kwamba rafiki yake, binti wa kwetu pwani, ameahidiwa ada ya muhula mzima kwa picha chache tu, na ameambiwa kwamba hivyo ndivyo wote walivyoanza.

Hukumu ya jambo hili mnaijua. Lakini binti yule hakuelezwa habari za hukumu, alielezwa habari za faida. Basi tuanze kwenye mizani hiyohiyo ya faida na hasara, na tupime kwa haki.

Mwaka 1949, Marilyn Monroe wa Marekani alikuwa bado hana jina na alihitaji pesa. Mpiga picha Tom Kelley akampiga picha za utupu na kumlipa dola 50. Picha zikauzwa kwa kampuni ya kalenda. Mwaka 1953, Monroe akiwa tayari nyota wa filamu, Hugh Hefner alinunua haki ya kutumia mojawapo kwa dola 500, akaitoa katika toleo la kwanza kabisa la jarida lake, Playboy. Zikauzwa nakala zaidi ya 50,000. Hefner akajenga utajiri juu ya toleo lile. Monroe hakulipwa chochote. Alifariki mwaka 1962 akiwa na miaka 36. Mwaka 1992 Hefner alinunua kaburi lililo ubavuni mwa kaburi lake, na mwaka 2017 akazikwa hapo. Mama wa watu hakuombwa ruhusa akiwa hai, wala hakuombwa akiwa maiti.

Mtu atasema: lakini Monroe alibaki nyota. Ni kweli, wala sitaficha. Yuko na mwingine. Vanessa Williams alikuwa mwanamke mweusi wa kwanza kutwaa taji la Miss America, Septemba 1983. Julai 1984 alilazimika kulivua, kwa sababu jarida la Penthouse lilitangaza kuchapisha picha zake za utupu za zamani, bila ridhaa yake. Leo anajulikana kama mwimbaji na mwigizaji mkubwa. Lakini tazameni njia aliyopita. Albamu yake ya kwanza ilitoka mwaka 1988, na wimbo wake uliofika namba moja Marekani ulikuja mwaka 1992. Kilichomwinua ni sauti yake na kazi ya miaka. Waandaaji wa shindano walimwomba radhi hadharani mwaka 2015, miaka 31 baada ya kuvua taji. Huyu alipanda licha ya picha, hakupanda kwa picha. Anayemwonyesha binti wa watu mfano huu na kumwambia "unaona, inalipa" anamdanganya.

Tuje karibu na nyumbani. Uganda, Novemba 2014, mwimbaji kijana Jemimah Kansiime, aliyejiita Panadol wa Basajja, alikamatwa kwa video ya wimbo iliyoonyesha mwili wake, chini ya sheria ya kupinga ponografia ya mwaka huohuo. Alikuwa anatafuta jina, na jina alilipata. Alikaa rumande wiki kadhaa. Mtayarishaji wake, mwanamume, alikiri kosa, akatozwa faini ya shilingi 200,000 za Uganda, mambo yake yakaisha. Mwaka 2021 Mahakama ya Katiba ilibatilisha vifungu vya sheria ile, lakini siku za rumande hakuna mahakama inayoweza kuzirudisha.

Na hata soko lenyewe limetoa ushahidi. Oktoba 2015, Playboy ilitangaza kwamba itaacha kuchapisha picha za utupu kamili, kwa hoja kwamba siku hizi mtu anazipata bure kwenye intaneti. Baadaye, mwaka 2017, ikazirudisha. Lakini ukiri ule tuushike: wafanyabiashara waliouza utupu kwa zaidi ya miaka 60 walisema wenyewe kuwa bidhaa imejaa sokoni. Sasa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, asiye na jina wala mwanasheria, anaambiwa kwamba picha zake ndizo zitakazomfungulia dunia!

Basi jibu la swali la kwanza ni hili. Walionusurika walinusurika kwa vipaji vyao. Waliovuna kwa hakika ni wenye jarida, wenye kamera na wenye mitandao. Wazee walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kazi nzuri ina soko lake. Anayekwambia uvue kwanza ndipo kazi yako ionekane, anakwambia wazi kwamba kazi yako haimshughulishi.

Sasa tuitazame dini yetu. Katika Surat al-A'raf, Allah anatusimulia kwamba Iblis alipowahadaa Adam na Hawwa, hakuwaambia "njooni mfedheheke." Aliwaahidi kupanda daraja: umalaika na kuishi milele. Tupu zao zilipofichuka, ndipo wakaanza kujibandika majani ya peponi. Angalieni utaratibu wake: kwanza ahadi ya cheo, kisha uchi, kisha mtoa ahadi haonekani. Ahadi ya ada ya muhula imefuata njia ileile.

Na katika Surat an-Nur, kabla wanawake waumini hawajaamrishwa kuinamisha macho na kujisitiri, walioamrishwa mwanzo ni wanaume waumini: wainamishe macho na walinde tupu zao. Kaka zangu, hapa ndipo ninapotaka kusimama. Soko la picha hizi linaishi kwa macho yetu. Mara nyingi tunatoa mawaidha marefu kuhusu mtandio wa dada zetu, huku simu zetu wenyewe zina makundi ambayo tusingependa baba zetu wayaone. Ukiipokea picha ya mtu na kuisambaza kwa maneno "astaghfirullah, tazameni dunia ilipofika," umefanya kazi ya Penthouse bila mshahara. Mtume (SAW) ametuahidi kwamba mwenye kumsitiri Muislamu, Allah atamsitiri. Mwenye kumfichua basi ajiulize atasitiriwa na nani.

Mimi ni mzaliwa wa Palma, kaskazini mwa Cabo Delgado, ambako nyimbo na filamu za Dar es Salaam huvuka mto Ruvuma upesi. Kwetu kupendeza si haramu. Bibi zetu wanapaka msiro usoni, wanavaa kapulana za rangi, na harusini wanang'ara. Lakini tangu vita vilipoanza Mocímboa da Praia Oktoba 2017, na Palma iliposhambuliwa Machi 2021, mamia ya maelfu ya watu wetu wamekimbia makwao. Mabinti wengi wanasoma huku wazazi wao wamepoteza shamba, ngalawa na nyumba. Anayemwendea binti wa namna hii na pesa ya picha hamtafuti msanii. Ameiona njaa, ameitia bei.

Na waliochoma vijiji vyetu nao walijiita watetezi wa dini. Wakateka wanawake na wasichana. Kwa hiyo nikizungumza habari za sitara, sizungumzi kwa ulimi wao. Sitara katika Uislamu si fimbo ya kumpigia mwanamke. Ni haki yake, na jamii nzima inadaiwa kumlindia.

Kwa dada aliyeahidiwa ada nasema: usikubali, na usibaki peke yako na shida hiyo. Allah ameahidi katika Surat at-Talaq kwamba anayemcha humfungulia njia ya kutokea na kumruzuku asikotarajia. Lakini njia hiyo mara nyingi hupitia mikononi mwa watu, nayo ni mikono yetu. Ndiyo maana nawaomba viongozi wa jumuiya: mfuko wetu wa sadaka za Ijumaa utenge sehemu ya ada kwa wanafunzi waliofikwa na dhiki, na dada anayeomba asihojiwe mbele ya watu. Tukishindwa kuchanga ada ya mtu mmoja, mawaidha yetu juu ya haya yatakuwa maneno tu.

Na kama yupo ambaye picha yake tayari iko mikononi mwa mtu, namwambia: mlango wa toba uko wazi, wala hukutolewa katika Uislamu. Ukitishwa, usitume picha nyingine na usilipe, kwa maana mtishaji huwa harudi nyuma. Hifadhi ujumbe wake, mwambie mama, dada au mwalimu unayemwamini, mwende pamoja kushitaki. Nasi wengine tukiiona picha hiyo, tuifute, na tumwambie aliyeituma kwamba amekosea.

Ewe Mola, tusitirie aibu zetu, utupe amani katika hofu zetu, uwaruzuku mabinti zetu riziki ya halali isiyowadhalilisha, na uwarudishe watu wa Cabo Delgado makwao kwa salama. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.