Kidole cha Mgeni

Tarehe 20 Novemba 2007 Japani ilianza kumtaka kila mgeni mwenye umri wa miaka 16 na kuendelea, anapofika kwenye dirisha la uhamiaji, aweke vidole vyake viwili vya shahada juu ya kioo cha mashine na kupigwa picha ya uso. Waliosamehewa walikuwa wachache: wanadiplomasia, wageni wa serikali, na wakazi wa kudumu wa daraja maalumu, wengi wao wakiwa Wakorea ambao familia zao zimekuwa nchini humo tangu enzi za ukoloni wa Japani. Wengine wote, hata aliyeoa Tokyo, akazaa Tokyo na kulipa kodi Tokyo kwa miaka mingi, walipaswa kutoa vidole kila waliporudi kutoka safari. Sababu iliyotangazwa ilikuwa kuzuia ugaidi. Wageni walilalamika, na watetezi wa haki wakalalamika pamoja nao, lakini wenyeji wengi waliona kwamba hayo ni manung'uniko ya watu wasiopenda foleni. Mimi nayaona kuwa na uzito mkubwa kuliko huo. Ndani yake mna swali ambalo dini na falsafa zimelishughulikia tangu kale: mwenyeji anaweza kumdai mgeni kitu ambacho yeye mwenyewe asingekubali kudaiwa?

Haki ya mwenyeji kuuliza haina ubishi. Sura ya an-Nur katika Kurani inawaamuru waumini wasiingie nyumba zisizo zao mpaka waombe ruhusa na kuwatolea salamu wenyewe, na wakiambiwa warudi, warudi. Kila mtu wa pwani anaijua adabu hiyo kwa hodi yake, na anajua pia kwamba aliye ndani anaweza kuuliza, "Nani?" kabla ya kufungua. Kwa hiyo simtetei mtu anayetaka mipaka ya nchi iwe wazi bila kuulizwa jina wala hati. Ila Torati, ikirudia zaidi ya mahali pamoja, inaweka sharti juu ya haki hiyo: iwe sheria moja kwa mzaliwa na kwa mgeni akaaye naye. Na Immanuel Kant, katika andiko lake la mwaka 1795 kuhusu amani ya kudumu, alimpa mgeni haki ndogo lakini imara, yaani asitendewe kama adui kwa sababu tu amefika katika ardhi ya mwingine. Ukiziweka hoja hizi pamoja unapata kipimo kinachoweza kutumika hata mbele ya mashine ya kusoma vidole. Uliza unachotaka kuuliza, mradi sababu yako iwe ile ambayo ungeikubali ikielekezwa kwako.

Japani haikufaulu kipimo hicho, na historia yake yenyewe inaonyesha hivyo. Kuanzia mwaka 1955 wageni waliojiandikisha kuishi nchini humo walichukuliwa alama za vidole, na waliobeba mzigo huo zaidi walikuwa Wakorea, wakiwemo waliozaliwa humohumo na wasiojua nchi nyingine. Katika miaka ya 1980 maelfu yao walikataa, wengine wakashtakiwa. Serikali ikalegeza kamba: mwaka 1993 wakazi wa kudumu waliondolewa katika sharti hilo, na mwaka 1999 bunge likapitisha sheria ya kulifuta kwa wote waliobaki. Nchi ilikuwa imekiri kwamba alama zile zilikuwa zikimhukumu mtu kwa asili yake. Miaka minane baadaye kidole cha mgeni kikarudi kwenye kioo, safari hii kwa jina la ugaidi. Lakini shambulio lililoitikisa Japani kuliko yote, la gesi ya sarini katika treni za chini ya ardhi za Tokyo tarehe 20 Machi 1995, lilifanywa na wafuasi wa Aum Shinrikyo, madhehebu yaliyozaliwa Japani na kuongozwa na Mjapani. Mwaka 1972 watu watatu waliofyatua risasi katika uwanja wa ndege wa Lod, Israeli, na kusababisha vifo vya watu 26, walikuwa wasafiri wa Kijapani. Hakuna mwenye akili timamu ambaye angesema kwamba tangu siku ile kila Mjapani anayesafiri ni mshukiwa. Basi kwa mantiki gani kila asiye Mjapani anayetua uwanja wa ndege wa Narita awe hivyo?

Wala Japani haiko peke yake. Uingereza ilianza kutoa vitambulisho vyenye alama za vidole kwa wageni kutoka nje ya Ulaya mwezi Novemba 2008. Raia wake nao walikuwa wameandaliwa mpango wa vitambulisho na daftari la taifa, lakini wananchi waliupinga kwa miaka, na mwaka 2010 bunge likaufuta kwa sheria, serikali ikisema kwamba mpango huo ulikuwa unaingilia uhuru wa mtu. Mapema mwaka 2011 diski zilizobeba taarifa za raia zilisagwa. Kadi za wageni ziliendelea. Ujerumani ilianza kuweka alama za vidole katika pasipoti za raia wake Novemba 2007, lakini sheria yake inakataza alama hizo kukusanywa katika hifadhi moja ya serikali. Zinabaki ndani ya kijitabu ambacho mwenyewe anakibeba mfukoni. Mwombaji wa viza kutoka Dar es Salaam au Nairobi anayetaka kwenda Berlin, alama zake huingia katika mfumo wa pamoja wa Ulaya na kukaa humo miaka mitano. Jambo ambalo wenyeji wamelipima na kuliona ni hatari kwao, wameliona ni la kawaida kwa mgeni. Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iligusa kiini cha suala hili tarehe 16 Desemba 2008, katika kesi ya Mwaustria aliyekuwa akiishi Ujerumani. Ilisema kwamba kutumia daftari la wageni peke yao kupambana na uhalifu ni ubaguzi, kwa kuwa uhalifu hupigwa vita bila kujali uraia wa mhalifu. Hoja hiyo ni nzuri na haina mpaka wa kijiografia, ila ulinzi wake katika hukumu ile uliishia kwa raia wa nchi wanachama.

Watasema: raia tunamjua tayari, tuna cheti chake cha kuzaliwa na ukoo wake, mgeni hatumjui. Jibu hili lina ukweli nusu. Kumjua mtu kwa maana ya kuthibitisha kwamba mwenye pasipoti ndiye huyu aliyesimama hapa ni jambo la dakika moja: linganisha kidole au uso na kilichomo kwenye pasipoti, kisha achilia. Siwezi kulipinga hilo kwa dhati. Lakini Marekani, iliyoanza kuchukua alama za wageni viwanjani Januari 2004, iliweka utaratibu wa kuzihifadhi kwa miaka 75, na hapo hatuzungumzii tena uthibitisho. Tunazungumzia daftari litakalopekuliwa na polisi kila kunapotokea tukio, maisha yote ya mtu na pengine baada ya kufa kwake. Neno la siri likivuja utalibadilisha. Kidole huna cha akiba. Anayekichukua amepokea amana, na amana katika Uislamu haifi kwa sababu aliyeiweka ameondoka nchini.

Lipo pingamizi zito zaidi, la damu iliyomwagika. Walioteka ndege tarehe 11 Septemba 2001 walikuwa wageni. Ni kweli, na huzuni ya siku ile haipaswi kuchukuliwa kijuujuu. Lakini watu wale 19 waliingia kwa viza, kwa majina yao, na mashine ingethibitisha tu kwamba kila mmoja wao ndiye yule aliyesema kuwa ni yeye. Kidole kinaeleza wewe ni nani. Hakielezi umekusudia nini. Nia iko moyoni, na dini zetu zote mbili kuu zinafundisha kwamba moyo una Mjuzi wake mmoja. Atakayeshikwa na mashine ni yule aliyekwisha kuandikwa kwenye orodha, mara nyingi mtu aliyewahi kufukuzwa nchini na sasa anajaribu kurudi. Hilo ni suala halali la uhamiaji, lakini kulipachika jina la ugaidi ni kumtisha mwenyeji ili asiulize maswali. Tena mashine na wataalamu wake hukosea. Mwaka 2004, baada ya mabomu ya Madrid, wapelelezi wa Marekani walitangaza kwamba alama iliyopatikana Hispania ni ya wakili mmoja wa Oregon, Mmarekani aliyesilimu. Alikaa kizuizini wiki mbili mpaka Wahispania walipomtambua mwenye alama ile, Mwaljeria. Serikali iliomba radhi na kumlipa dola milioni 2. Yeye alikuwa raia, mwanasheria, aliyekuwa na watu wa kumsemea. Mgeni aliyeshuka kwenye ndege saa nane za usiku ana nani?

Kwetu pingamizi huja kwa sura nyingine. Mtanzania ametoa vidole vyake kwa ajili ya kitambulisho cha taifa na hata kusajili laini ya simu. Kwa nini alie akifika ugenini? Ni swali la haki. Lakini aliyetoa vidole kwa serikali yake anaweza kuilalamikia kwa mbunge, kuishtaki, na kuinyima kura. Wakenya walikwenda mahakamani kuhusu Huduma Namba, mpango wa serikali yao wa kuwaandikisha watu, na Januari 2020 Mahakama Kuu ikazuia ukusanyaji wa vinasaba. Mgeni hana kura katika sheria inayomgusa mwili, na ndiyo maana anayeitunga anapaswa kujibana mwenyewe zaidi. Historia ya Kenya inalithibitisha hili kwa uchungu. Kuanzia miaka ya 1920 mwanamume Mwafrika aliyezidi miaka 16 alilazimishwa kubeba kipande chenye alama za vidole vyake, ndani ya kikopo cha bati kilichoning'inia shingoni, katika ardhi ya baba zake. Walowezi waliuona utaratibu huo kuwa wa busara na wa lazima. Mwishoni mwa miaka ya 1940, serikali ilipotaka kuandikisha watu wa rangi zote kwa alama hizohizo, walowezi walewale waliwaka, wakisema hayo ni matendo ya kuwafanyia wahalifu. Na ikatafutwa njia ya kuwaruhusu wanaojua kusoma na kuandika watumie picha na saini. Walikuwa wameiona dhuluma vizuri kabisa, kwa mara ya kwanza, siku ilipowafikia.

Mwishoni mwa mwaka 2003 jaji mmoja wa Brazili aliamuru Wamarekani wanaoingia nchini mwake wachukuliwe alama za vidole kama Wabrazili walivyokuwa karibu kufanyiwa Marekani. Wengi walishangilia, na naielewa furaha yao. Lakini kulipa kisasi kwa mtalii kutoka Ohio ni kumwadhibu mtu ambaye hakutunga sheria ile. Kipimo cha sheria moja kinamtaka aliyedhulumiwa awe mwenyeji bora kuliko aliyemdhulumu, jambo gumu. Nairobi nayo inachukua vidole vya wageni uwanjani, kwa hiyo swali limo nyumbani. Sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi ya Kenya ya mwaka 2019 inamlinda mtu, haisemi raia tu; Tanzania ilipitisha ya kwake mwaka 2022. Basi kwenye dirisha la uhamiaji, kando ya kioo cha mashine, pabandikwe karatasi kwa lugha ambazo wageni wanazisoma: alama hizi zinachukuliwa kwa kazi gani, zitakaa muda gani, nani mwingine anaruhusiwa kuzipekua, na ofisi ipi itapokea malalamiko ya mtu ambaye mashine imemsoma vibaya.