Je, Uende Ubatizo wa Mtoto wa Kikatoliki?

Neno: Mathayo 5:37



Dada mmoja wa ushirika wetu amealikwa na kakake Mkatoliki kwenye ubatizo wa mtoto. Ameniuliza, "Mchungaji, nikienda si nitakuwa nimekana imani yangu?" Swali zuri. Kwanza tujue kunafanyika nini.

Padri huwapokea wazazi mlangoni, akauliza jina la mtoto na wanachoomba kwa Kanisa. Mtoto hutiwa ishara ya msalaba kwenye paji la uso. Neno husomwa. Wazazi na wasimamizi humkataa Shetani na kukiri imani. Kisha mtoto humwagiwa maji mara tatu kwa jina la Baba, Mwana na Roho Mtakatifu, hupakwa krisma utosini, huvikwa nguo nyeupe, na mshumaa wake huwashwa kutoka kwa mshumaa wa Pasaka.

Sisi hatubatizi watoto wachanga. Tunawaweka wakfu, tukingoja waamini wenyewe. Hilo halibadiliki kwa sababu umeketi na ndugu yako siku ya furaha yake.

Shida iko mdomoni. Kumkataa Shetani? Sema kwa sauti! Baba Yetu? Omba. Lakini ukiombwa uwe msimamizi, ngoja kwanza. Msimamizi anaahidi kusaidia kumlea mtoto katika imani ya Kikatoliki. Kama huna nia hiyo, usiahidi ati kumfurahisha ndugu. Bwana alitufundisha ndiyo yetu iwe ndiyo. Hata sheria ya Kanisa Katoliki inasema Mkristo wa kanisa lingine aliyebatizwa asimame kama shahidi tu, pamoja na msimamizi Mkatoliki. Basi mwambie ndugu yako mapema, mkiwa wawili, si mbele ya padri. Na kama ni ndani ya Misa, wakati wa komunyo baki umeketi.

Mwingine atasema, "Si heri nibaki nyumbani?" Wapendwa, kutokuja nako ni kusema kitu. Hapa Garissa Wakristo ni wachache. Jumapili ya 1 Julai 2012, kanisa la AIC na kanisa kuu la Kikatoliki yalishambuliwa asubuhi moja. Risasi hazikuuliza nani alizamishwa na nani alimwagiwa.

Nenda. Beba zawadi, mpakate mtoto, mwombee. Lile usiloweza kuahidi, lisema kwa upole kabla ya siku yenyewe.

Mungu awabariki.