Nani Amemtoa Kaka Kwenye Grupu?

Kaka yangu alifariki Februari 2022. Mwezi Juni akatoka kwenye grupu ya familia. Sisemi kwa mafumbo. Jumapili moja tulikuwa tunachanga pesa za matanga ya mtu mwingine huko Kitui, mara katikati ya majina na hesabu tukaona ule mstari wa kijivu: ameondoka. Shangazi akaandika, "Nani amemtoa?" Admin akaapa si yeye. Hakuna aliyeandika kitu tena mpaka jioni.

Baadaye nikajua kwamba WhatsApp hufuta akaunti ikikaa siku 120 bila kutumika. Hakuna aliyemtoa. Ni kalenda tu.

Google nao walitangaza Mei 2023 kwamba akaunti ya mtu binafsi ikikaa miaka 2 bila kuguswa inaweza kufutwa na vyote vilivyomo, barua pepe, picha, faili. Kazi ingeanza Desemba. Sababu yao ni usalama: akaunti iliyosahaulika, yenye pasiwedi ya kitambo, ni rahisi kuibwa. Siwezi kupinga. Nisingependa kuamka siku moja nione kaka anawauzia watu bitcoin.

Lakini hiyo ilimaanisha kaka ana hadi Februari 2024.

Pasiwedi nilikuwa nayo. Mimi ndiye niliyemfungulia hiyo akaunti saiba mwaka 2014, akitafuta kazi, na hakuwahi kuibadilisha. Januari nikajaribu kuingia. Nikaambiwa nambari za siri zimetumwa kwa laini yake, laini ambayo kampuni ya simu ilikuwa ishampa mtu mwingine.

Nikapiga. Msichana akapokea. Hebu jaribu wewe kumweleza Mkenya asiyekujua kwamba unataka akusomee nambari za siri zilizoingia kwa simu yake, na kwamba ni za marehemu. Ningekuwa mimi, ningekata simu. Alinyamaza, kisha akauliza, "Alikuwa anaitwa nani?" Nikamwambia. Akasema kuna watu bado humpigia wakiuliza mwenye hilo jina. Akanisomea tarakimu sita, polepole.

Nilipoingia nilijihisi mwizi. Nilikuwa nimeidanganya mashine kwamba mimi ni yeye, na mashine ikamwongezea miaka 2.

John Mbiti, mtu wa kwetu Kitui, alitumia maneno mawili ya Kiswahili katika kitabu chake cha 1969, African Religions and Philosophy: Sasa na Zamani. Aliyekufa hubaki kwenye Sasa maadamu yupo mtu hai aliyemjua na anayemkumbuka kwa jina. Wa mwisho akienda, marehemu huzama kwenye Zamani. Ni kipimo kigumu, ila angalau kinategemea watu. Kipimo cha kampuni kinategemea kubonyeza. Mama humkumbuka kaka kila siku na hakuna kompyuta inayohesabu hilo. Mimi, ambaye kusema ukweli naweza kumaliza wiki bila kumwaza, nilibonyeza mara moja tu na ikatosha.

(Mimi mwenyewe nishafutwa nikiwa hai. Nilipoacha chuo mwaka wa tatu, akaunti ya wanafunzi ilifungwa pamoja na hadithi zangu za kwanza. Hakuna aliyepiga simu. Labda ndiyo maana naandika haya kwa hasira kidogo.)

Sasa Mama anataka picha. Nimempa picha, lakini zile nilizochagua mimi, na hapo ndipo dhamiri inanisumbua. Nani alinifanya hakimu? Mwaka 2018 mahakama kuu ya rufaa ya Ujerumani iliamua kwamba wazazi wa msichana aliyefariki wanarithi akaunti yake ya Facebook, kama vile wangerithi barua zake na shajara. Kwa hoja hiyo Mama ana haki kuniliko. Naielewa hiyo hukumu na bado sijampa pasiwedi. Mle ndani kuna barua kati ya kaka na mtu ambaye Mama hamjui, na huyo mtu yuko hai. Shamba ukirithi, unalirithi kwa aliyekufa. Siri ina wenyewe wawili, na mmoja hajafa.

Najua pia kwamba naweza kuwa najitetea tu. Kaka hakuniachia kazi ya kumlinda dhidi ya mamake. Google wana mahali pa kuchagua nani apewe vitu vyako ukinyamaza, pako tangu 2013, lakini nani kati yetu hukumbuka kupajaza akiwa na miaka 31? Mimi mwenyewe sijajaza.

Namba yake Mama bado ameiseti kwa jina la kaka. Yule msichana huweka status sana, za chapati, za mtoto wake. Kwa simu ya Mama zinatokea na jina la mwanawe juu. Nimejitolea mara mbili kumbadilishia jina. Anakataa, halafu anafungua anaangalia mtoto amekua kiasi gani.