Akiba ya Mtandao Huoza

Wahenga walisema akiba haiozi, na kwa mambo mengi walisema kweli. Njia ya akiba ya mtandao haimo katika mambo hayo. Ukiiweka ukaisahau, siku ya shida utaikuta imeoza. Kisa kifuatacho ni cha mfano, lakini kila kosa lililomo mafundi wa mtandao hulikuta kazini.

Chama kimoja cha akiba na mikopo kilikuwa na makao makuu Moshi na tawi Same. Hesabu zote za wanachama zilikaa kwenye seva ya Moshi, na tawi lilizifikia kwa faiba iliyofuata barabara kuu. Bodi, kwa busara, iliidhinisha fedha za njia ya pili: laini ya simu kwenye ruta ya kila upande, na handaki lililosimbwa likiziunganisha ruta hizo kupitia intaneti. Fundi alifunga vifaa, akaandika njia zote mbili ndani ya ruta. Ya faiba aliipa namba ya kipaumbele 1 na ya simu 250, ili ile yenye namba ndogo itumike kwanza na nyingine isubiri zamu yake. Mchoro ukabandikwa ukutani, mistari miwili kati ya Moshi na Same. Bodi ikaridhika. Hakuna aliyekata faiba makusudi kuona kitakachotokea.

Mwaka na ushee ukapita. Ijumaa moja ya mwisho wa mwezi, mishahara ikiwa imeingia, kijiko cha mkandarasi wa barabara kikachimbua mtaro na kuing'oa faiba. Same, skrini zikaganda. Ukumbini walikuwemo wazee walioshuka tangu alfajiri kutoka milima ya Upare kuja kuchukua ada za wajukuu. Meneja wa tawi akapiga simu Moshi.

“Mwanangu, si mlituambia kuna njia ya pili?”

“Ipo, mama.”

“Sasa mbona hatupiti?”

Kumjibu mama huyo kulimchukua fundi mpaka jioni, maana makosa yalikuwa manne na kila moja lilijificha nyuma ya jingine.

La kwanza, ruta haikujua kwamba faiba imekatika. Waya wake uliingia kwenye kisanduku cha mtoa huduma kilichokuwa chumba kilekile, na kisanduku kilikuwa kizima, taa zake za kijani zikiwaka. Palipokatika ni kilomita kadhaa mbele. Njia iliyoandikwa kwa mkono huondolewa pale mlango wa ruta unapozimika. Mlango ukiwa hai, ruta huendelea kuiamini njia hata kama haifiki popote. Kwa hiyo kila pakiti iliendelea kutumwa kwenye faiba na kupotelea mtaroni, huku njia ya simu ikisubiri zamu isiyokuja.

Dawa ya kosa hili inajulikana. Ruta ipewe kazi ya kutuma pingi, yaani ujumbe mfupi wa kuomba jibu, kila baada ya sekunde chache kwa kifaa cha upande wa pili, na majibu yakikosekana mara kadhaa mfululizo, iiondoe njia ya faiba yenyewe. Hapa kuna mtego: pingi hizo zifungwe zipite kwenye faiba tu. Zikiachwa huru, faiba ikikatika zitapita kwenye simu na kujibiwa. Ruta itadhani faiba imepona na kuirudisha kazini, kisha itaiondoa tena, na mtandao utayumba kutwa nzima. Wengine hutumia itifaki kama OSPF, ambayo kwa mipangilio yake ya kawaida huipa ruta jirani salamu kila sekunde 10 na kuihesabu imeondoka ikinyamaza sekunde 40.

Fundi akaizima njia ya faiba kwa mkono kwenye ruta ya Same. Hapo likajitokeza kosa la pili: laini ya simu ya Same haikuwa na kifurushi. Kilikwisha zamani, na katika orodha ya malipo ya kila mwezi haikuandikwa popote kwamba kuna mtu wa kukinunua. Kifurushi kikanunuliwa, handaki likaunganika.

Bado Same hawakupata kitu. Pakiti zao zilionekana zikiingia Moshi, lakini majibu hayakurudi. Hilo ndilo kosa la tatu, na huwapotezea mafundi muda mwingi kuliko yote. Mawasiliano yana safari mbili, ya kwenda na ya kurudi, na kila ruta huamua kivyake. Fundi aliirekebisha ruta ya Same akaisahau ya Moshi, nayo iliendelea kuyarudisha majibu kwa faiba iliyokatika. Unapochunguza hitilafu ya namna hii, usikae upande mmoja na kubahatisha. Simama na mwenzako kila mmoja kwenye ruta yake, mtazame pakiti inafika wapi na jibu linatoka kwa mlango upi.

La nne lilikuja wakati wote wakidhani kazi imekwisha. Ukurasa wa kuingilia ulifunguka, jina na nywila vikakubaliwa, lakini taarifa ya mwanachama ilipoitwa, skrini ikaganda tena. Pakiti ya kawaida ya Etheneti hubeba hadi baiti 1500. Handaki huongeza vichwa vyake juu ya kila pakiti, kwa hiyo iliyojaa haitoshi tena. Kama imekatazwa kugawanywa, hutupwa, na kama ukuta wa ulinzi unazuia ujumbe wa onyo, mtumaji hajui kamwe. Pakiti ndogo hupita, kubwa hufa. Kipimo chake ni pingi ya baiti 1472 isiyoruhusiwa kugawanywa, ambayo pamoja na vichwa vya baiti 28 hufika 1500. Ipunguze hadi ipite, na utajua nafasi uliyo nayo. Mafundi wengi huweka kikomo cha 1400 kwenye handaki na 1360 kwa data ya TCP, na tatizo huisha.

Taarifa zilipoanza kufunguka, jua lilikuwa linazama. Wazee walikuwa wamepanda tena milimani mikono mitupu.

Liko kosa la tano ambalo chama hicho kiliponea: njia mbili zenye majina tofauti lakini zinazopita mahali pamoja. Mnara wa simu wenyewe huweza kulishwa na faiba iliyo katika mtaro uleule wa barabara. Mwaka 2024 ulitufundisha hili kwa kipimo cha nchi nzima. Februari, mkongo wa intaneti wa Seacom ulio chini ya bahari ulikatika katika Bahari ya Shamu pamoja na mikongo mingine. Tarehe 12 Mei, mikongo ya Seacom na EASSy ikapata hitilafu siku moja katika pwani ya Afrika Kusini, kaskazini mwa Durban, na intaneti ikazorota Tanzania, Kenya, Uganda na kwingineko. Aliyenunua mmoja kuwa akiba ya mwingine alikuwa na mikataba miwili mkononi na bahari ileile chini ya yote miwili.

Basi mwenye ofisi mbili na afanye haya. Amwombe kila mtoa huduma ramani ya mahali nyaya zake zinapopita. Amteue mtu kwa jina wa kulipia laini ya akiba. Kila baada ya miezi mitatu, siku isiyo na msongamano, akate mawasiliano mbele ya kisanduku cha mtoa huduma, kisha afanye kazi halisi: afungue hesabu ya mwanachama, achape taarifa, apokee malipo. Airudishe faiba, aone kama kazi imerudi kwake bila kuguswa. Tarehe ya jaribio iandikwe kwenye mchoro ulioko ukutani.

Kama ofisini kwako hakuna anayeweza kuitaja tarehe hiyo, hesabu kwamba una njia moja tu, na upange jaribio wiki hii.