Mzigo wa Aliyebaki Peke Yake

Twawajua wenzetu wauzao vyakula madukani. Palipokuwa na watatu amebaki mmoja: apima mchele, apokea magunia, afagia, na wanunuzi wamngojea kwa hasira. Jioni hunung'unika, kisha huona haya kana kwamba ametenda dhambi. Lakini Musa naye alimlilia Mungu kwamba mzigo wa watu wote wamshinda (Hesabu 11). Mungu hakumkemea, bali alimpa wazee 70 wamsaidie. Basi aliyelemewa na amwendee msimamizi wake kwa adabu, wala asimtolee mnunuzi uchungu wake. Nawe mwenye duka, usimhubirie saburi tu. Luther, katika Katekisimo Ndogo ya 1529, aliwahesabu watumishi wema katika mkate wa kila siku tuuombao. Kama huna fedha ya kuajiri wa pili, shika mizani wewe mwenyewe siku ya Jumamosi.