Rashi ya Miji Mitano

Ratiba ya kwanza niliiandika nyuma ya daftari la kazini, ndani ya basi la kutoka Kahama kurudi Shinyanga. Istanbul, Athens, Roma, Paris, Amsterdam. Siku kumi. Nikaituma kwa rafiki yangu nitakayesafiri naye, tuliyelala chumba kimoja chuoni na ambaye sasa ni mhasibu Geita. Akajibu kwa neno moja: "Brussels?" Eti iko njiani.

Wiki mbili tuliishi ndani ya ratiba ile kwa raha kabisa. Kisha nikakaa nikaipigia hesabu. Kila unapohama mji unapoteza nusu siku, hata kama ndege yenyewe ni ya saa mbili: kufungasha, kurudisha ufunguo, kuwahi uwanjani, kupanga foleni, kutafuta treni ya kuingia mjini, halafu kukaa na begi mapokezi kwa sababu chumba hakitolewi kabla ya saa nane mchana. Miji mitano ni kuhama mara nne, yaani siku mbili zimekwenda. Toa siku ya kufika na siku ya kuondoka. Zinabaki sita. Siku moja na kidogo kwa kila mji. Hata mnada wa ng'ombe wa huku kwetu watu wanauzunguka kwa utulivu kuliko hivyo.

Ushauri wa kawaida unajulikana: punguza, chagua miji miwili, mingine iache kwa safari ijayo. Ni ushauri mzuri, ila kuna kitu umekificha. Unadhani safari ijayo ipo. Anayeutoa mara nyingi ana pasipoti inayofungua milango bila kugonga. Mimi nimeweka akiba miaka mitatu. Viza ya Schengen ni euro 90 na hazirudi hata ukinyimwa. Kuna bima ya safari ya kinga isiyopungua euro 30,000, kuna taarifa za benki, kuna barua ya mwajiri. Uturuki nayo ina viza yake. Mtu aliyepita kwenye hayo yote akisema "nikifika nataka nione kila kitu", sitamwita mlafi. Anaogopa, na hofu yake ina msingi. Nikijua kwamba huenda sirudi tena, je, nina sababu gani ya kuacha kuona?

Swali hili nilimpelekea mjomba. Miaka ya 1990 na ya 2000 alifuata dhahabu: Nyarugusu, Rwamagasa, Kakola, baadaye Mwakitolyo. Anayeijua kanda hii anaijua rashi. Habari inaingia usiku kwamba mahali fulani pametoka dhahabu, asubuhi watu wameshafunga maturubai na sululu wamehama. Kuna duara mjomba aliliacha likiwa limefika futi hamsini, akakimbilia rashi mpya. Waliobaki wakaugusa mwamba wiki iliyofuata. Nikadhani mfano wa insha yangu nimeshaupata.

"Mjomba, si ndiyo tamaa yenyewe hiyo?"

"Tamaa gani, mwanangu? Nilikuwa na watoto wanne na deni la dukani. Na lile duara jingine nililokaa mwaka mzima, mbona huliulizi? Halikutoa hata pointi moja."

Nikanyamaza. Nilikuja na jibu mfukoni, nikaondoka bila hilo jibu.

Nikarudi kwa Selim bin Abakari. Mwaka 1896 alifika Urusi mpaka Siberia akifuatana na Mjerumani, na masimulizi yake yamo katika Safari za Wasuaheli, kitabu alichokitoa Carl Velten mwaka 1901. Nikimfikiria yule bwana kinachonishika ni kwamba ratiba haikuwa yake. Mwenye safari akitaka kuondoka, wanaondoka. Sisi tiketi ni zetu, likizo ni yetu, na bado tulikuwa tumejitafutia msimamizi wa kutusukuma toka kituo hadi kituo.

Lakini kiukweli kilichoamua ni mama. Roma ilikuwa imepewa Alhamisi moja, na Vatikani saa tatu. Mama, anayesali rozari kila jioni tangu nimjue, aliniuliza kama nitapata muda wa kukaa kanisani. Hakusema kupita, alisema kukaa. Nikaziangalia zile saa tatu, foleni ya ukaguzi ya kuingia Basilika la Mtakatifu Petro ikiwa humo humo, nikaona aibu. Roma niliiweka ili nimtumie mama picha. Usukumani salamu ni ndefu. Ukimwambia mtu mwangaluka huku miguu inaendelea kutembea, afadhali ungenyamaza.

Tukakata. Istanbul siku tatu, maana ndege yetu inapita pale hata hivyo, na zilizobaki zote Roma. Athens na Amsterdam zilitoka bila kilio. Paris ilileta ugomvi. "Wewe una mama wa kumwendea Roma," rafiki yangu alisema. "Mimi Paris naidai tangu kidato cha pili." Hakuwa na kosa. Hamu yake haiwi ndogo kuliko ya mama yangu eti kwa sababu haina rozari, na mimi ndiye niliyekuwa nakata vya wenzangu kwa jina la utulivu. Basi Jumatatu alfajiri atapanda ndege kwenda Paris, alale huko mara mbili, arudi Roma. Saa hizo mimi nitakuwa nimelala.

Wiki iliyopita tulipeleka makaratasi kwa wakala, Mwanza. Wenye viza wanataka kujua utalala wapi kila usiku, na wakala naye anapenda kila siku iwe na shughuli. Alipofika Jumanne yangu ya Roma akakuta nafasi tupu.

"Dada, hapa unafanya nini?"

"Hakuna kitu."

"Weka chochote basi. Hata makumbusho."

Nikaandika: kutembea. Akanitazama kidogo, akachukua kalamu yake, akaongeza mbele yake: mjini.