Tarumbeta Kabla ya Bunduki

Somo: Nehemia 4:13-20, Luka 22:35-51



Mwezi uliopita ndugu mmoja alinisimamisha baada ya ibada ya pili. Wezi walikuwa wameingia mtaani kwao mara mbili. Akaniambia, "Pasta, nimeamua kutafuta bunduki. Si ya magendo, nataka ya leseni. Niombee ombi langu lipite." Nilimwambia anipe muda. Ameniruhusu nijibu hapa bila kumtaja jina, maana tunajua si yeye peke yake anayewaza hivyo Kiamunyi hii.

Kwanza, tusimdharau anayeuliza. Huko Marekani watu wanatetea bunduki kama haki, kwa marekebisho ya katiba yao ya mwaka 1791. Kwetu si hivyo. Katiba yetu ya 2010 inalinda uhai na usalama wa mtu, lakini haikumpa mtu haki ya bunduki. Chini ya Sheria ya Silaha za Moto, Sura ya 114, bunduki ni ruhusa: unaomba, unaeleza sababu, unachunguzwa. Hata hivyo, wenye leseni wana hoja yao. Siku ile ya Westgate, tarehe 21 Septemba 2013, kati ya watu wa kwanza kuingia kuokoa wengine walikuwa raia wenye bunduki za leseni. Kuna mama anayelea watoto wake leo kwa sababu yao. Siwezi kusimama madhabahuni niseme walitenda dhambi.

Lakini kuna upande mwingine, na hauko mbali. Barabara hii yetu, ukipita Kabarak na kuendelea hadi Eldama Ravine, uko Baringo. Kaskazini mwa kaunti hiyo watu wamejilinda kwa bunduki miaka mingi. Februari 2023 Serikali ilipeleka jeshi kusaidia polisi katika kaunti sita za huko juu, ikawapa watu siku tatu wasalimishe silaha haramu. Mzee wa huko akiuliza, "Nikirudisha yangu na jirani asirudishe yake, nani atalinda watoto wangu?" anauliza swali la haki kabisa. Kumnyang'anya mmoja na kumwacha mwingine si amani.

Mimi nilisomea biashara, na tulifundishwa kuuliza: faida ni ya nani, na gharama inalipwa na nani? Kijiji kimoja kikinunua bunduki kinalala vizuri mwezi mmoja. Kijiji cha pili kikiogopa, nacho kinanunua. Sasa wote wako pale pale walipoanzia, ila ng'ombe wameuzwa kununua risasi, na ugomvi uliokuwa wa fimbo umekuwa wa mazishi. Ulinzi ulikuwa wa mmoja, hatari imekuwa ya wote.

Sasa wacha niungame. Miaka michache iliyopita, saa nane usiku, nilisikia nduru kutoka ploti ya tatu. Unajua nilifanya nini, mimi mtumishi wa Mungu? Nilizima taa. Nikachukua panga, nikasimama nyuma ya mlango nikiomba kwa sauti ya chini. Mara nikasikia mtu anaruka ukuta wangu. Miguu ikaja mbio hadi mlangoni. Nikainua panga.

Halafu nikasikia, "Pasta! Pasta, fungua!" Alikuwa kijana wa jirani, mtoto wa miaka kumi na tano, amekuja kuomba msaada. Baba yake alikuwa amepigwa kichwani. Alipona, Mungu asifiwe. Lakini jueni hili: ningekuwa na bunduki usiku ule, singengoja nisikie sauti. Ningepiga kupitia dirishani, na mahakama pengine ingenielewa. Mama yake angenielewa?

Na kuna jambo linaloniuma zaidi. Kabla ya kufika kwangu, kijana yule alikuwa amegonga mageti manne. Hakuna aliyefungua.

Tunapenda sana Nehemia 4. Tunahubiri wajenzi walioshika kazi kwa mkono mmoja na silaha kwa mwingine. Ni kweli, imeandikwa. Lakini tunafunga Biblia mapema. Soma mstari wa 19 na 20: Nehemia anawaambia watu wametawanyika ukutani, kila mtu mbali na mwenzake, kwa hiyo popote watakaposikia tarumbeta, wakimbilie huko. Silaha zilikuwepo, lakini kilichowaunganisha kilikuwa ile ahadi ya kukimbilia tarumbeta. Sisi tuna kuta, fensi ya umeme na mbwa. Tarumbeta ilipigwa, tukazima taa.

Katika Luka 22 wanafunzi walikuwa na panga mbili tu. Usiku huo huo moja ilitumika, na ikamkata nani? Si Kayafa, si Yuda. Ilimkata mtumwa aliyetumwa. Yesu akamponya sikio. Silaha ya mtu mwenye hofu mara nyingi humpata yule asiyestahili.

Basi ndugu yangu, jibu langu ni hili. Bunduki ya magendo, hapana, hata usiniulize mara ya pili. Ya leseni, sitakwambia ni dhambi. Lakini jiulize mbele za Mungu: nyumbani kwako kuna hasira, pombe, watoto wasiokanyika, au mtu aliyevunjika moyo? Na ukisikia nduru ya jirani, utatoka, au bunduki ni ya kulinda televisheni yako tu? Kama jirani hakujui jina, anza hapo kwanza. Mimi nimeamua sitakuwa nayo. Nilijiona nyuma ya ule mlango, najua hofu yangu ina haraka.

Wiki hii, katika ushirika wa nyumbani, kila mmoja aje na majina na namba za simu za majirani kumi. Nyumba Kumi isiwe ya chifu peke yake. Tukubaliane ishara yetu ni gani, nani anapigia polisi, nani anawasha taa, nani anatoka na nani.

Bwana, tusamehe tulipozima taa. Tupe masikio ya kusikia tarumbeta, na miguu ya kuifuata. Amina.